Hotuba yangu kule Tunduru: msitu wa kijiji na daftari lake

(Watu waliokuwepo waliniomba niiandike na wengine waliokosa mkutano nao wakaomba. Kijana mmoja alikuwa amenirekodi kwa simu, nikakaa nikasikiliza nikaandika. Nimetoa kelele za pikipiki na ile sehemu nilipokuwa natafuta miwani ambayo ilikuwa kichwani kwangu. Mengine yote yapo kama nilivyoongea.)

Asalaam aleikum. Na Bwana asifiwe kwa wale wa upande huo. Mwenyekiti ahsante kwa nafasi, mtendaji ahsante, wazee wangu mliokaa kwenye mkeka shikamooni, mama zangu pale kwenye kivuli cha mkorosho shikamooni, vijana wa bodaboda mliokaa juu ya pikipiki kama watu wanaosubiri vurugu, mambo vipi.

Nimetoka Kilwa juzi, nimedandia gari Nangurukuru, nikalala Masasi, ndio nimefika huku, kwahiyo nikisinzia katikati ya maneno mniamshe. Nimeambiwa ajenda ni moja, kwamba serikali ya kijiji imeleta pendekezo lile pori la kule mtoni litengwe liwe msitu wa hifadhi wa kijiji, na nimeambiwa mkutano uliopita ulivunjika, kuna watu walisimama wakasema tukikubali hili tumejifunga kamba wenyewe, hatutakata hata nguzo ya kujengea choo. Sasa mimi sikuja kuwabembeleza wala sikuja kuwaambia mti ni uhai, hayo yameandikwa kwenye mabango yote ya barabarani na miti inakatwa nyuma ya bango hilo hilo. Nimekuja kuwaambia nilichokiona, maana mimi kabla ya kuwa kwenye kamati ya maliasili nilikuwa mkataji.

Ndio, mkataji. Mnacheka lakini ni kweli.

Nyie wa rika langu mnakumbuka kabla ya daraja. Rufiji tulikuwa tunavuka kwa kivuko pale Ndundu, mvua za masika zikishika sawasawa kusini inageuka kisiwa, unaenda Dar unaaga kama unaenda Hija. Daraja la Mkapa likafunguliwa 2003, tulishangilia jamani, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Ila nyuma ya mabasi yakaja malori. Mnunuzi anafika kijijini, anakaa na watu wawili watatu chini ya mti, jioni unasikia kuna kazi. Mimi na mwenzangu tulipewa msumeno, unga, sukari na sigara, vyote kwa mkopo, tunaingia porini wiki mbili.

Mpingo nyie mnaujua, sina haja ya kuwafundisha, ila yule ambaye hajawahi kuukata ajue kwamba ule weupe wa nje laini kama siagi unakudanganya, ukifika kwenye moyo wake msumeno unalia, rangi inakuja zambarau inayokimbilia weusi, vumbi linaganda kwenye jasho na shati halitakati tena mpaka linachanika. Gogo lake ukilitupa mtoni linazama, sio utani. Tunabeba mabegani mpaka njia ya lori, lori linakuja usiku, asubuhi tunahesabiwa hela, ukitoa unga, ukitoa sukari, ukitoa sigara, ukitoa na tupa ya kunolea msumeno, narudi nyumbani na hela ya khanga moja na kilo mbili za mchele. Hiyo ni mimi mkataji. Kijiji chenyewe kilipata vumbi la lori.

Na sio kwetu tu. Mwaka 2007 ilitoka ripoti ya TRAFFIC, hawa wanaofuatilia biashara ya wanyama na mimea pori, walichunguza biashara ya mbao na magogo huku kusini kwetu, wakakuta mapato ambayo serikali ilipaswa kukusanya kwenye misitu yalikuwa yanapotea hadi asilimia 96. Afu wakalinganisha vitabu, vitabu vya China vinaonyesha wamepokea mbao na magogo ya Tanzania mara 10 ya yale ambayo vitabu vyetu vinasema tumewauzia. Mara kumi! Yaani gogo moja limepita na karatasi, yale tisa yametembea kwa miguu yake.

Sasa ulizeni, kwanini sisi wanakijiji tulinyamaza? Mimi ntawajibu kwa sababu nilikuwemo. Tulinyamaza kwa sababu lile pori halikuwa letu kwa karatasi. Pori la wote. Na cha wote unajua kinavyokuwa, usipokula wewe leo jirani anakula kesho, kwahiyo kila mtu anawahi. Usinione mjinga, nikiuacha mpingo ule nimewaachia wajukuu zangu? Nimemwachia mnunuzi wa wiki ijayo.

Sheria ilikuwepo lakini, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Sera ya misitu ya 1998 ilishasema, Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 ikaja kuweka wazi kabisa, kwamba kijiji kinaweza kutenga msitu kwenye ardhi yake, kikaweka mpango wa usimamizi, kikatunga sheria ndogo, kikaulinda na kikauvuna, na hela ya mavuno inaingia akaunti ya kijiji. Mwaka mmoja kabla ya daraja! Daraja tulilisikia, sheria hatukuisikia, hakuna aliyekuja kupiga ngoma kwa ajili ya sheria. Na tujue tunaongelea kitu kikubwa, sensa ya misitu ya nchi, ile NAFORMA, ilikuta Tanzania bara ina hekta milioni 48.1 za misitu na karibu nusu yake iko kwenye ardhi za vijiji. Sio hifadhi za taifa, sio za serikali kuu. Vijijini, kwa watu kama nyie hapa.

Kwetu Kilwa mambo yalianza kugeuka pole pole, kwa msaada wa shirika la MCDI, hawa wanaosaidia vijiji kusimamia misitu yenye mpingo, wenyewe tunawaita watu wa Mpingo. Vijiji vya Kikole na Kisangi vilikuwa vya kwanza, mwaka 2009 misitu yao ikaingia kwenye cheti cha FSC, kile cha kimataifa kinachosema mbao hii imevunwa kwa utaratibu, na ilikuwa mara ya kwanza Afrika nzima kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Afrika nzima, Kisangi! Kijiji ambacho hata Kilwa Masoko kuna watu walikuwa hawajui kiko wapi. Maana mpingo ndio unatengeneza zile filimbi kubwa za wazungu, klarineti na obo, hiyo obo ni ndugu kabisa na zumari yetu, na wapigaji wake wengine wanataka kujua mti umetoka wapi na aliyeukata kalipwa nini. Nimeambiwa klarineti moja inauzwa bei ambayo nikiitaja hapa hamtanisikiliza tena, kwahiyo siitaji.

Sasa kijiji chetu tukafuata nyayo. Na hapa nataka nikae kidogo.

Kitu cha kwanza mtakachofanya sio kulinda, ni kuhesabu. Mnapita porini kwa mistari mkiwa na GPS na futi kamba, mnasimama kila baada ya umbali fulani, mnapima. Mti unapimwa kifuani, mita 1.3 kutoka chini, na mpingo haukatwi mpaka kipenyo chake kifike sentimita 24. Mzee mmoja tuliyekuwa naye, mtu wa asali, anajua kila mti kwa jina lake, alicheka siku nzima, akasema nyie watoto mnahesabu miti kama watu wanaohesabu mahari. Lakini mchana wa siku ya tatu alinyamaza. Tulikuwa tumefika bonde ambalo yeye alikuwa analiita Mipingoni, na kwenye fomu tukaandika midogo, midogo, midogo, sentimita 9, sentimita 12, sentimita 7, kisiki, kisiki, kisiki. Akakaa kwenye kisiki kimoja akauliza hii nani kakata. Sikumjibu.

Hesabu ikaja kutoka, na vijana wakanuna. Maana tulidhani tuna utajiri wa kukata kesho asubuhi, kumbe kinachoruhusiwa kwa mwaka ni kidogo. Mkorosho unapanda leo, mwaka wa tatu unaanza kuokota korosho. Mpingo unataka miaka 70, miaka 100 kufika pale kwenye kipimo. Kwahiyo mnachinja beberu mnaacha majike yenye mimba, hata mchungaji mtoto wa miaka kumi anaelewa hilo, ila ukiwa na njaa na mnunuzi yuko mlangoni na hela mkononi hata mchungaji anasahau. Ndio maana inatakiwa iandikwe kwenye mpango, isitegemee moyo wa mtu.

Kwahiyo kwa wale waliosema hatutakata tena, mtakata. Kutenga msitu sio kuufungia kabatini. Nguzo za kujengea, kuni, dawa, asali, uyoga, hayo mnayaandika wenyewe kwenye sheria ndogo nani achukue nini na wapi. Mama zangu nawaona mnaulizana kuhusu ming'oko, vile viazi vya porini, ming'oko mtachimba! Kwetu tuliandika kabisa ming'oko ni bure kwa mwanakijiji, sharti ukichimba ufukie shimo na uache kichwa cha mzizi kichipue. Mwaka ule wa njaa, kule kwetu ming'oko ndio ilitufikisha mwezi wa nne, sijui kwenu.

Moto. Hili nimeombwa niliseme na afisa misitu wenu na mimi naliamini. Mwaka wa pili tulimkatia mnunuzi mpingo mzuri, mrefu, umenyooka kama mlingoti, tukasema huu peke yake unalipa doria ya mwezi. Ulipoanguka tukaona moyo wake una pango, ndani mweusi wa masizi, mkono wangu uliingia mpaka kwenye kiwiko. Mnunuzi akapiga picha akacheka akaondoka. Ule mti haukufa, ulikuwa na majani na maua, lakini moto wa miaka na miaka ulikuwa unaingia kwa chini kidogo kidogo unakula moyo. Na moto wenyewe tunajua unatoka wapi, mwindaji anayetafuta panya, mtu anasafisha shamba, mwingine ananogewa tu na kiberiti. Moto wa mwezi wa kumi, majani yamekauka kama karatasi na upepo upo, huo unapanda mpaka juu. Moto wa mwezi wa sita, nyasi bado zina ubichi, unatambaa chini, unazimika wenyewe usiku umande ukishuka. Kwahiyo sisi siku hizi tunachoma mapema, makusudi, vipande vipande, ili mwezi wa kumi moto ukija ukute hakuna cha kula. Nilipowaambia kwetu mara ya kwanza kwamba mhifadhi anaenda kuchoma msitu waliniona nimerogwa.

Faida za mazingira mnazijua ntazipitia haraka. Mto wenu unatoka kwenye lile pori, mkifyeka mtauona umejaa matope masika na umekauka kiangazi. Mpingo wenyewe ni jamii ya kunde, mizizi yake inarutubisha udongo. Na mikorosho yenu hii, maua yake yanahitaji wadudu, nyuki na wenzake, na nyuki hawalali kwenye mikorosho mnayoipulizia salfa, wanalala kule. Hewa ukaa na mengineyo ataeleza afisa, yeye ana picha.

Adui mkubwa kwetu kwa sasa sio msumeno. Ni ufuta. Nasema kweli, na mimi mwenyewe nalima ufuta. Bei ya ufuta ikipanda kwenye mnada kila mtu anataka shamba jipya, na shamba jipya linatafutwa msituni maana ardhi ya msitu haina magugu, unafyeka unachoma unapanda unavuna miaka miwili mitatu, magugu yakija unahama. Huwezi kumwambia mtu acha ufuta ukamwachia mikono mitupu. Kwahiyo mpango wa matumizi ya ardhi ndio unakuja kabla ya yote, mkae mgawane, hapa mashamba, hapa mifugo, hapa makazi, hapa msitu, na mkubaliane na kijiji jirani kuhusu mpaka, kabla hamjaandika chochote! Kwetu tulipoteza mwaka mzima kwa sababu ya kichuguu kimoja, sisi tunasema mpaka upo kwenye kichuguu hiki, wenzetu wanasema kile. Na Liwale, msitu wa Angai, ule ni mkubwa, kama hekta 140,000 na vijiji vingi, ulichukua zaidi ya miaka kumi ya vikao na karatasi kabla watu hawajaanza kuona hela. Kwahiyo anayewaambia mwakani mtajenga zahanati kwa mpingo, mpeni maji anywe apumzike.

Na mkaa, najua mnasubiri niseme ni marufuku. Kule Kilosa kuanzia 2012 kuna vijiji vilisaidiwa na TFCG, shirika la kuhifadhi misitu, na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, kuvuna mkaa kwenye msitu wa kijiji kwa utaratibu, wanagawa vipande vya mita 50 kwa 50, wanakata kimoja wanaruka kingine kama bao la drafti, kilichokatwa kinapumzika miaka 24 na visiki vinachipua. Kwahiyo hata mkaa una hesabu yake. Kwenu sijui kama unalipa, Dar mbali.

Sasa nije kwenye kitu ambacho hasa ndio kimenileta, mengine yote mngeweza kuyasikia kwa afisa. Daftari.

Mauzo yetu ya kwanza yalivyoingia kijiji kilicheza ngoma. Baada ya miezi minne hela haipo. Hakuna aliyeiba, ukiuliza kila mtu ana maelezo, posho ya kikao, nauli ya kwenda wilayani, chai ya wageni, posho ya kikao cha kujadili posho. Viongozi wa wakati ule siwataji, wengine ni ndugu zangu. Mwezi uliofuata vijana wa doria hawakuingia porini, na walikuwa na haki. Na mwezi wa pili yake misumeno ikaanza kulia usiku, na waliokuwa wanakata walikuwa watoto wetu wenyewe, mmoja nilimkamata mimi, akaniangalia usoni akaniambia baba mdogo, wao wanakula kwa kalamu mimi nakula kwa msumeno, tofauti iko wapi? Nilikosa jibu. Nilimwachia, nakiri mbele yenu, nilimwachia.

Mkutano mkuu uliofuata mama mmoja, muuza maandazi, hajui kusoma, alimpa mwanae wa darasa la sita daftari la mapato na matumizi akamwambia lisome kwa sauti. Mtoto akasoma mstari kwa mstari. Gogo kadhaa, kiasi fulani. Posho, kiasi fulani. Dawa za zahanati, kiasi fulani. Yule mama akasema rudia hapo. Mtoto akarudia. Akasema, kwahiyo waliokaa kwenye viti wamekula kuliko wagonjwa? Hakuna aliyecheka. Kamati yote ilijiuzulu jioni ile, na mimi nikachaguliwa katibu, kwa bahati mbaya.

Tangu siku hiyo daftari linasomwa na mtoto wa shule, kila mkutano, kila mstari, hata kama ni betri za tochi. Nyundo ya kugongea muhuri kwenye magogo inakaa kwenye sanduku lenye kufuli mbili, funguo moja kwa mwenyekiti nyingine kwa mjumbe mwanamke wa kamati, gogo lisilo na muhuri halipandi lori na lori lisilo na hati ya kusafirisha halitoki. Posho tukaiwekea kikomo kwenye sheria ndogo. Hela ya kwanza iliyosomeka vizuri ilijenga nyumba ya muuguzi, sio kubwa, vyumba viwili na sebule, lakini muuguzi alikuja akakaa, kabla ya hapo walikuwa wanaripoti Jumatatu wanaondoka Jumatano. Na yule kijana niliyemwachia sasa hivi ni wa doria, na ni mkali kuliko wote, maana njia zote za wezi anazijua.

Mzee kule nyuma aliuliza kuhusu tembo tangu naanza, sijakusahau baba. Tembo nyie mnao, mko kwenye njia yao ya kwenda Niassa kule Msumbiji, hawajaletwa na karatasi ya hifadhi na hawataondoka mkikataa karatasi. Kwetu msitu ulipotulia walirudi, na waliingia kwenye mashamba, sitawadanganya. Tunachofanya ni kutopanda mahindi yanayogusana na msitu, kwenye mpaka tunaacha ukanda, na pilipili na mizinga ya nyuki tumejaribu, kuna anayesema inasaidia na kuna ambaye tembo walikula mahindi wakaikanyaga na mizinga. Hilo mliandike kwenye mpango wenu tangu mwanzo, msisubiri.

Mwenyekiti naona unaangalia saa. Kura mtapiga nyie, mimi sio wa hapa. Lakini afisa misitu na mimi kesho tunaingia pale mtoni kujaribu kupima kidogo, mistari miwili tu, watu waone inavyofanyika kabla ya kuamua. Wanaotaka kuja tukutane saa 12 asubuhi kwenye ule mkorosho mkubwa nyuma ya ofisi, mje na viatu vya kufunika, sio ndala, na mama yeyote mwenye mtoto wa darasa la sita anayesoma kwa sauti aje naye, fomu ataandika yeye.